Tulivitupa vidonge vya Mama bila kuuliza

Ramadhani inakaribia, na nyumbani kwetu hapa Chapwa, nje kidogo ya mji wa Tunduma, kuna swali ambalo Mama yetu ametuuliza mara nyingi tangu ulipoandama mwezi wa Rajabu. Anadaiwa siku zaidi ya ishirini za Ramadhani ya mwaka jana. Je, atazilipa kwa kufunga, au atazitolea fidya?

Sisi wanawe tuko watatu, na sote tumesoma. Anayeshika kalamu kwa niaba ya wenzake ni katibu wa kamati ya msikiti, aliyepata elimu yake katika chuo cha Kiislamu. Hata hivyo jibu kamili hatunalo, maana linategemea swali jingine lililo mikononi mwa madaktari, nao hawajalimaliza. Tunaandika habari hii kwa idhini ya Mama mwenyewe. Alipoombwa ruhusa alisema, “Andikeni, lakini msiache kuandika na makosa yenu.” Basi tutaanza na makosa yetu.

Mama ana umri wa miaka 61. Kwa muda mrefu alikuwa akiuza mchele na maharage sokoni, akiamka kabla ya alfajiri na kurudi jioni na mzigo kichwani. Miaka kama mitano iliyopita magoti yalianza kumuuma, mwishowe akawa anaswali ameketi juu ya kiti. Jambo hilo lilimhuzunisha kuliko maumivu yenyewe. Ndipo muuzaji mmoja wa mtaani alipompa vidonge vidogo vyeupe ndani ya kibahasha cha nailoni. Kibahasha hakikuwa na jina la dawa. Kilikuwa na maandishi ya kalamu tu: 1x2. Akimeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, alielezwa, atapona.

Baada ya siku tatu Mama aliondoa kiti, akarukuu na kusujudu kama zamani. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu, wala hatukuuliza kidonge gani kinaweza kufanya kazi kubwa hivyo kwa siku tatu. Miezi ikapita, hamu ya kula ikaongezeka, uso ukajaa na kuwa wa duara. Majirani walisema Mama amenawiri na kwamba watoto wake wanamtunza. Sifa hizo tulizipokea. Hatukuzingatia kwamba mikono yake ilikuwa ikivia damu kwa kuguswa kidogo tu, wala kwamba ngozi yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama karatasi. Hali hiyo iliendelea kwa miaka minne.

Katika mwezi wa Shaabani wa mwaka jana, msikitini petu palitolewa mawaidha kuhusu afya, na mzungumzaji alionya juu ya dawa zinazonunuliwa bila cheti cha daktari. Maneno yalikuwa ya kweli. Tulirudi nyumbani siku hiyo hiyo, tukatafuta vibahasha vya Mama, tukavimwaga vyote chooni. Tuliona tumeondoa jambo baya ndani ya nyumba yetu. Mama hakubisha. Alisema tu, “Wanangu, na magoti haya je?” Tukamjibu kwamba Mungu atamfanyia wepesi.

Hapakupita wiki mbili, Mama akaanza kuchoka uchovu asioweza kuueleza. Akisimama, dunia ilimzunguka. Chakula alichokuwa akikifurahia kikamtia kichefuchefu. Ramadhani ikaingia naye yu katika hali hiyo. Wakati wa daku alikunywa maji mafunda machache, akanuia, akarudi kulala. Mmoja wetu alisema ni uzee, mwingine akasema mwili haujazoea njaa ya siku za mwanzo. Huyu katibu ndiye aliyemwambia avute subira, kwa kuwa ujira huenda pamoja na mashaka. Walikuja pia jamaa waliodhani ni jini, akasomewa. Kisomo ni kheri na tunakiamini. Kosa letu ni kwamba tulipokwisha kusoma tuliona kazi yetu imekwisha.

Siku ya sita, baada ya swala ya Alasiri, tulimkuta amelala ubavu juu ya mswala, anatoka jasho la baridi na hawezi kutuita kwa majina yetu. Mvua za Machi zilikuwa zimeigeuza njia yetu kuwa matope. Bajaji tuliyoikodi ilijipenyeza kando ya malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, na kila mara iliposimama tulimtazama Mama kama bado anapumua. Mahali tulipofika kwanza alipimwa malaria, hakuwa nayo. Tukaambiwa ni taifodi, akatundikiwa dripu na kuandikiwa vidonge. Dripu ilimpa nguvu kwa siku mbili. Siku ya tatu alianguka tena, uani, akiwa na ndoo tupu mkononi.

Mahali pa pili tulimkuta tabibu kijana. Alipima shinikizo la damu, akapima na mara ya pili kwa kuwa hakuamini: 78 kwa 45. Sukari ilikuwa 2.6, chini sana kwa mtu asiye na kisukari wala asiyetumia dawa zake. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumeulizwa na yeyote, wala sisi wenyewe hatukujiuliza: “Kabla ya kuugua, mama alikuwa akitumia dawa gani, na aliiacha lini?”

Tulitazamana. Kumwambia kwamba tulizitupa ilikuwa rahisi. Kumwambia kwamba hatukujua jina lake ndiko kulikotutia haya. Mama, aliyekuwa amefumba macho, ndiye aliyejibu kwa sauti ndogo, “Viko viwili, ndani ya kasha la kanga.” Alikuwa amevificha siku ile tulipovimwaga vingine, akaviweka kwa siku ya dhiki. Tulipomuuliza kwa nini basi hakuvimeza dhiki ilipomfika, alijibu, “Mlinikataza.”

Msomaji, tuliyasikia maneno hayo tukiwa tumesimama kando ya kitanda, na mpaka leo hatujapata namna ya kuyajibu.

Ndugu yetu mdogo alikimbia nyumbani kuvileta, kisha akapita kwa muuzaji. Muuzaji hakuficha kitu. Alionyesha kopo kubwa alimovitoa. Ilikuwa deksamethasoni ya nusu miligramu. Tabibu hakungoja zaidi. Mama alichomwa sindano ya haidrokotisoni miligramu 100, akawekewa maji ya chumvi na sukari. Kabla ya Isha alikuwa ameketi, anaomba uji.

Siku zilizofuata tulifungua daftari jipya. Kazi ya katibu ni kuandika yanayosemwa ili yasipotee, nasi tuliona ni aibu kuandika muhtasari wa vikao vya msikiti kwa uangalifu, huku maradhi ya mzazi wetu hayana hata mstari mmoja. Upande wa kushoto tuliandika maswali, upande wa kulia tukaacha nafasi ya majibu. Daftari hilo tulikwenda nalo Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa, kwa daktari bingwa wa maradhi ya ndani.

Swali la kwanza lilikuwa: Mama anaumwa nini? Daktari alitueleza kwamba kila mtu ana tezi mbili ndogo, kila moja imekaa juu ya figo, nazo huitwa tezi za adrenali. Miongoni mwa homoni zinazotoka humo ni kotisoli. Hiyo ndiyo inayosaidia kuzuia sukari isishuke mno mtu akikaa bila kula, inayosaidia mishipa kushika shinikizo la damu, na inayoongezeka mwili unapopatwa na homa, jeraha au upasuaji. Tezi hizi hazifanyi kazi bila amri. Amri hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Vidonge kama deksamethasoni ni aina ya homoni hiyo iliyotengenezwa kiwandani, tena yenye nguvu mara nyingi zaidi. Ubongo ukiona imejaa ndani ya damu, huacha kutoa amri, na tezi zisizoamriwa kwa muda mrefu husinyaa.

Alitupatia mfano wa kisima. Nyumba ikipata maji ya bomba, kisima huachwa, udongo ukaingia na majani yakaota. Bomba likikatika ghafla baada ya miaka minne, mtu hushusha ndoo ikapanda mikavu. Sisi ndio tuliokata bomba, tena katika mwezi ambao mwili wa Mama ungehitaji maji hayo kutoka alfajiri hadi magharibi.

Swali la pili: hayo yanathibitishwaje? Kotisoli haikai kwa kiwango kimoja. Hupanda kuelekea asubuhi, ikawa juu karibu na wakati wa kuamka, kisha hushuka hadi kuwa chini kabisa katikati ya usiku. Damu ikichukuliwa alasiri, kipimo kinaweza kumdanganya mtu. Ilitubidi tulale Mwanjelwa kwa jamaa ili Mama afike maabara saa mbili asubuhi, kabla ya kumeza dawa ya siku hiyo, na saa 24 baada ya ile ya jana. Sampuli ilisafirishwa hadi Dar es Salaam. Majibu yalikuja baada ya siku tisa: nanomoli 58 kwa lita.

Swali la tatu ndilo lililotukosesha usingizi: ni vidonge tu, au tezi zenyewe zimeharibika? Daktari alisema swali hilo ni la haki. Mwaka 1855 tabibu Mwingereza, Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa waliodhoofika, wakakosa nguvu na ngozi zao kuwa nyeusi zaidi. Waliokufa wakapasuliwa, tezi zao za juu ya figo zilikutwa zimeharibika, na kwa wengi wao sababu ilikuwa kifua kikuu. Kifua kikuu hakijatoka katika nchi yetu, na huweza kushambulia tezi hizo kama kinavyoshambulia mapafu. Kwa hiyo daktari alimfungua Mama viganja, akatazama mistari yake, kisha akamtazama fizi. Ugonjwa ukiwa ndani ya tezi zenyewe, mara nyingi sehemu hizo huwa nyeusi kuliko kawaida, maana ubongo huzidisha amri na amri hiyo huamsha pia rangi ya ngozi. Ubongo ukiwa ndio ulionyamaza, weusi huo hauonekani. Viganja vya Mama vilikuwa vya kawaida. Makohozi na picha ya kifua navyo vilikuwa safi.

Kipo kipimo kingine, cha kuchoma sindano ya tetrakosaktidi, ambayo huziamuru tezi moja kwa moja, kisha damu hupimwa baada ya dakika 30 na 60. Dawa yake haikupatikana. Hivyo tumeendelea na kipimo cha asubuhi. Kwa watu waliotumia steroidi kwa muda mrefu, mwongozo uliotolewa mwaka 2024 na jumuiya za madaktari wa homoni za Ulaya na Marekani unasema hivi: kotisoli ya asubuhi ikizidi nanomoli 300, tezi zimeamka na dawa inaweza kusimamishwa, ikiwa kati ya 150 na 300, mgonjwa aendelee na kiwango kidogo na apimwe tena, ikiwa chini ya 150, aendelee na dawa na asubiri miezi kadhaa. Mama alipewa prednisoloni miligramu 5 kila asubuhi.

Hapo ndipo Mama mwenyewe alipouliza swali lake, ambalo halikuwamo daftarini: “Daktari, dawa iliyoniangusha ndiyo hiyo hiyo mnayonipa?” Daktari alicheka kidogo, akakubali kwamba ni za ukoo mmoja. Dawa za namna hii si adui. Mwaka 1948, huko Marekani, Philip Hench na wenzake walimchoma kotisoni mwanamke ambaye viungo vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, na baada ya siku chache akatembea. Hench alipata tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Wagonjwa wa aina aliyowaeleza Addison, ambao zamani walikufa, leo wanaishi kwa sababu ya dawa hizo. Yaliyomwangusha Mama ni mawili: kutumia miaka minne bila mtu wa kupima, na kuacha kwa siku moja bila mtu wa kuuliza. La kwanza lina washirika wengi. La pili ni letu.

Sheria za kuishi na hali hii tumezibandika ukutani karibu na mtungi. Dawa ya asubuhi haikosi hata siku moja. Akipata homa, kiwango kinaongezwa mara mbili kama alivyoelekeza daktari wake, mpaka homa itakapoisha. Akitapika hata dawa isikae tumboni, hatungoji kuche; anapelekwa hospitali achomwe sindano. Ndani ya mkoba wake kuna kadi inayosema anatumia steroidi na nini kifanyike akikutwa amezimia. Binti wa miaka tisa wa kaka yetu anaijua kadi hiyo ilipo.

Mwezi wa Novemba tulirudi Mbeya. Majibu: 171. Kimepanda kutoka 58, bado hakijafika 300. Tulipomuuliza daktari ni lini kitafika, alisema kwa wengine ni miezi, kwa wengine ni miaka, na wapo ambao tezi haziamki tena. Atapimwa tena baada ya Idi.

Kuhusu Ramadhani hii alikuwa wazi: asifunge. Na hapo ndipo linaporejea swali la Mama. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, anayoyafuata, mgonjwa anayetarajiwa kupona hula na kulipa siku zake atakapopona. Mgonjwa ambaye wajuzi wamekata tamaa ya kupona kwake hutoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, wala hadaiwi kufunga. Mama yuko wapi kati ya hao wawili? Anauliza swali la dini, na jibu limo ndani ya chupa ya damu ambayo haijachukuliwa.

Tulimpelekea jambo hilo shehe wetu mkubwa wa hapa, tukiwa na daftari. Alisoma tarakimu zote mbili, akauliza maana yake, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu hutegemewa katika jambo hili, na tabibu hajakata tamaa; kipimo kinapanda. Basi Mama ni mgonjwa mwenye matarajio: asubiri. Ramadhani ya pili ikiingia naye bado yu mgonjwa, udhuru wake unaendelea, na hatozwi kitu kwa kuchelewa. Ikija siku madaktari wakasema tezi hazitaamka, hapo tutarudi kuzungumza habari ya fidya. Alitukumbusha pia Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, ambamo Mwenyezi Mungu amempunguzia mgonjwa na kueleza kwamba anawatakia waja wake wepesi.

Kisha akatugeukia sisi wanawe. Alitusimulia hadithi iliyomo katika Sunan Abu Daud, kutoka kwa Jabir, ya mtu aliyekuwa safarini akajeruhiwa kichwa, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W) aliwalaumu sana wale waliotoa jawabu, akaeleza kwamba walipokuwa hawajui iliwapasa kuuliza, kwani asiyejua tiba yake ni kuuliza. Hadithi hiyo tuliisoma chuoni katika mlango wa twahara. Tuliihifadhi pamoja na sanadi yake na tukafaulu mtihani. Hatukuwahi kufikiri kwamba siku moja tungekaa upande wa wale wenzake.

Kamati ya msikiti imekwisha kuamua jambo dogo, nalo limefanyika Ijumaa mbili zilizopita. Kila aliye na dawa nyumbani aliombwa azilete ndani ya mfuko baada ya swala, na muuguzi na mfamasia waliomo katika jamaa yetu wakaketi ukumbini kuzitazama. Wazee walikuja na mifuko yao, kina mama wakaja na yao. Vilionekana vibahasha kadhaa visivyo na jina. Kwa kila aliyekuwa nacho, neno la kwanza aliloambiwa lilikuwa: usikitupe na usiache leo, nenda nacho kwa daktari, kwanza kijulikane. Tunaziomba familia nyingine zifanye hivyo kabla mwezi haujaandama, hasa kwa wazazi wenye maumivu ya viungo, wenye pumu, na wanaotumia krimu kali za ngozi kwa miaka, maana baadhi ya krimu hizo nazo zina steroidi ndani yake. Anayeona dawa imemdhuru, atoe taarifa kituo cha afya ili ifike TMDA. Na mgonjwa wa namna hii anayetamani kufunga, amuulize daktari wake mapema, asingoje usiku wa kuandama kwa mwezi.

Magoti ya Mama yamerudi kuuma, na ameirudia swala ya kitini. Jana baada ya Magharibi alituita, akataka daftari lisomwe lote, maswali na majibu, tangu mwanzo. Tulipofika kwenye swali lake la fidya, ambalo upande wake wa kulia bado ni mweupe, alisema, “Acheni nafasi hapo. Mimi nimenuia kuzilipa.”

Tumeiacha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye Mama yetu na wagonjwa wote wa Waislamu, atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na atufikishe Ramadhani salama.